Kidatu: Tazama pikipiki ilivyofungwa kabla hujampandisha mtoto

Ukitoka Mikumi kuelekea Ifakara, barabara inashuka hadi Mto Ruaha Mkuu. Ukivuka daraja tu, umeingia Kidatu. Upande wa kulia kuna milima ya Udzungwa, kijani tupu hadi kileleni. Mbele na pembeni ni mashamba ya miwa, na msimu wa kiwanda ukianza upepo huleta harufu ya sukari hadi uani kwa watu.

Wengi nchini wanaujua mji huu kwa jina tu. Kituo cha umeme wa maji cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kiko hapa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kiko hapa. Reli mbili nazo hukutana hapa: tawi linalotoka Kilosa lenye upana wa mita moja, na reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Kwa kuwa mapana hayo hayalingani, mizigo hushushwa kutoka treni moja na kupakiwa upya kwenye nyingine.

Kwa familia zinazoishi hapa, hata hivyo, usafiri wa kila siku si treni. Ni bodaboda. Mtoto anakwenda shule kwa bodaboda. Mama mwenye uchungu usiku wa manane anapigiwa bodaboda. Mfuko wa mchele wa Ifakara unafika nyumbani kwa bodaboda. Na pikipiki hizo ni nadra kuzikuta zikiwa kama zilivyotoka dukani.

Siku pikipiki inapokuwa yako

Vijana wengi huanza kazi hii na pikipiki ya mtu mwingine. Kila siku wanapeleka hesabu kwa bosi. Wengine wana mkataba: unalipa kidogo kidogo, na ukimaliza deni chombo kinakuwa chako. Wapo pia ambao pikipiki yao ilinunuliwa na mzazi baada ya malipo ya miwa.

Siku chombo kinapokuwa chako, unakipamba. Stika zenye jina la mtoto au timu ya mpira. Kava jipya la siti. Ngao ya chuma mbele ya injini. Taa za ziada. Redio na spika. Madigadi marefu yenye mpira unaoning'inia nyuma. Boxer na TVS zinazotoka India zinafika zikiwa za kawaida kabisa, na baada ya siku mbili tatu kwa fundi zinatoka zikiwa na sura nyingine.

Hakuna ubaya kijana kupenda chombo chake. Anayekipenda hukiosha, hukimwagia oili kwa wakati, na akisikia mlio asiouelewa anakimbilia kwa fundi. Ila kwa mzazi, kila kilichofungwa kwenye pikipiki kina kazi yake kwa mwili wa anayepanda. Kipo kinachomlinda mtoto, kipo kisichomsaidia wala kumdhuru, na kipo kinachoweza kumuumiza.

Barabara imebadilika

Kwa miaka mingi kipande cha Kidatu hadi Ifakara, takribani kilometa 67, kilikuwa cha vumbi kiangazi na matope masika. Pikipiki zilifungwa kulingana na hali hiyo. Tairi zenye meno makubwa zilisaidia kutoka kwenye tope. Shokapu zilikazwa ili kuhimili mashimo. Ngao ilikuwa ya lazima kwa sababu kuanguka lilikuwa jambo la kawaida, na mara nyingi mtu alianguka kwa mwendo mdogo, kwenye udongo laini.

Sasa kuna lami. Mgonjwa wa Mang'ula anafika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, bila kurushwarushwa njia nzima. Hiyo ni faida kubwa kwa afya ya familia za bonde hili.

Lakini lami imeleta mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Aliyekuwa akianguka kwenye matope akiwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, leo anaweza kuangukia kitu kigumu akiwa kwenye 80. Tairi zile za meno makubwa, mvua inaponyesha, hugusa lami kwa sehemu ndogo kuliko tairi za kawaida, hivyo hushika barabara kidogo. Msimu wa miwa nao una matrekta marefu yanayokokota matela, yanayokwenda polepole, na mengine yanakutana na bodaboda gizani.

Kwa hiyo pikipiki iliyofungwa vizuri kwa barabara ya zamani inaweza isiwe nzuri kwa barabara mpya.

Kinacholinda na kisicholinda

Anza na ngao. Vyuma vile vilivyopinda mbele ya injini vinasaidia kweli: pikipiki ikilala ubavu, vinauzuia uzito wake usikandamize mguu. Lakini mguu unaolindwa zaidi ni wa dereva. Abiria amekaa nyuma ya vyuma hivyo, hasa mtoto mwenye miguu mifupi. Na ngao iliyotanuliwa kupita kiasi inaweza kumgonga mtembea kwa miguu ambaye usukani ungempita salama.

Siti inayofuata. Mtindo unaopendwa ni kuijaza sponji hadi iinuke, kisha kuivalisha kava la plastiki linalong'aa. Mtu mzima anakaa vizuri. Mtoto wa darasa la tatu miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, na kava likilowa linateleza. Breki moja ya ghafla inatosha kumtoa mahali pake. Mtoto ambaye nyayo zake hazikanyagi chochote hana namna ya kujizuia.

Kisha taa. Taa mbili nyeupe zilizoinamishwa chini humsaidia dereva kuona ukingo wa barabara. Zikiinuliwa zinampiga usoni anayekuja mbele, naye kwa sekunde kadhaa haoni kitu, hata mtoto anayetembea pembeni. Taa nyekundu iliyofungwa mbele ni hatari nyingine, kwa kuwa anayeiona usiku hudhani chombo kile kinamwacha, kumbe kinamjia.

Saitimira nazo. Vijana wengi huziondoa, au huweka vidogo vya urembo visivyoonyesha zaidi ya bega la dereva. Ongeza spika inayopiga muziki kwa sauti ya juu. Hapo dereva haoni wala hasikii lori linalotaka kumpita.

Ekzosi ni habari ya kipekee kwa wazazi. Katika pikipiki nyingi za biashara, bomba la moshi liko upande wa kulia. Kuna bati dogo linalolifunika ili mguu usiguse chuma cha moto. Bati hilo linalegea kwa mtikisiko, na fundi anapobadilisha ekzosi ili ilie zaidi, mara nyingine halirudishwi. Ndiyo maana kovu la kuungua huonekana zaidi kwenye ndama ya mguu wa kulia.

Jambo la mwisho ni la akina mama. Khanga au kitenge kinachoning'inia kinaweza kuvutwa na spoku au mnyororo, na aliyebeba mtoto mgongoni akaanguka naye. India, ambako wanawake wengi hupanda wakiwa wamevaa sari, kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka pikipiki iwe na kizuizi kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Ni wavu wa chuma tu ubavuni. Fundi yeyote wa kuchomelea anayeweza kutengeneza ngao anaweza kutengeneza na huo wavu. Ni kwamba wateja hawauombi.

Bajaji na gari la familia

Bajaji ina mapambo yake: mapazia, zulia, taa za rangi ndani, redio, na pengine benchi dogo la kuongeza abiria pembeni ya dereva. Kwa mtoto, kitu cha kutazama ni chuma kinachofunga upande wa kulia. Kikiwepo, mtoto anashukia kushoto, penye ukingo wa barabara. Kisipokuwepo, anaweza kuchomoka upande magari yanakopita. Pazia zito nalo linamziba dereva asione anayekuja pembeni.

Wenye magari nao wasijione wamepona. Mwisho wa wiki barabara hii hupita magari kutoka Morogoro na Dar es Salaam yakielekea Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, kwa ajili ya maporomoko ya Sanje. Humo utaona Subaru na Crown zilizoshushwa chini, rimu pana, vioo vyenye tinted na siti zilizovalishwa makava mapya.

Kava la siti linaonekana halina madhara. Lakini magari mengi yanayotoka Japani yana mifuko ya hewa iliyofichwa ubavuni mwa siti za mbele. Tafuta lebo ndogo yenye neno AIRBAG pembeni ya siti. Kava lisilotengenezwa kwa ajili ya siti hiyo likiifunika lebo, limefunika pia mahali mfuko unapotokea siku ya ajali. Ngao kubwa ya chuma mbele ya gari inaweza kubadilisha namna gari linavyopokea kishindo, na inamuumiza zaidi mtoto anayegongwa. Na gari lililoshushwa likipita tuta huku limejaa familia, chini husagika, pamoja na mabomba ya breki yaliyoko huko.

Mtoto mchanga hakai siti ya mbele yenye mfuko wa hewa, hata kama amepakatwa. Mahali pake ni nyuma, kwenye kiti chake, kimefungwa mkanda.

Kifaa kinachokosekana

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna ngao, taa wala stika inayoweza kufanya kazi hiyo.

Hata hivyo, kofia ya abiria mara nyingi imening'inizwa kwenye usukani, kamba yake imekatika. Ya ukubwa wa mtoto ni nadra kuiona. Kofia ya mtu mzima kichwani kwa mtoto huzunguka na kumziba macho, na akianguka inavuka kabla kichwa hakijagusa chini.

Bodaboda anaruhusiwa abiria mmoja, na polisi wa usalama barabarani wamekuwa wakikumbusha kuwa mtoto wa chini ya miaka tisa hapaswi kupandishwa. Kila mzazi wa Kidatu anajua pia hali ilivyo: shule iko mbali, mama yuko zamu kiwandani, na watoto watatu wanapakiwa mishikaki kwa nauli ya mmoja. Kwa mtoto mdogo, kutembea na wenzake wakisindikizwa na mtu mzima, au kuchangia bajaji na majirani, ni salama zaidi. Kwa aliyefikisha umri, chagua chombo na dereva kabla ya siku ya kwanza ya muhula, si asubuhi mkiwa mmechelewa.

Mambo ya kukagua

Ukaguzi wenyewe hauzidi dakika mbili:

- Mkalishe mtoto pikipiki ikiwa imesimama. Nyayo zake zifike kwenye vikanyagio vyote viwili. Zisipofika, hiyo siti si yake.
- Tazama bati la kufunika ekzosi. Litikise kabla injini haijapata moto. Mfundishe mtoto kupanda na kushukia kushoto.
- Hakikisha saitimira zote mbili zipo na zinaonyesha barabara.
- Angalia tairi ya nyuma. Kipara hapana, na meno makubwa ya matopeni si ya lami wakati wa mvua.
- Vua koti refu, kusanya khanga, funga kamba za begi.
- Kofia imkae mtoto, na kamba ifungwe chini ya kidevu.

Mtoto akiungua na ekzosi, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, sukari, unga wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, likiwa kwenye kiungo, au likitoa malengelenge, mpeleke kituo cha afya.

Familia nyingi za bonde hili zina bodaboda wao wa nyumbani, kijana anayepigiwa simu kila asubuhi na anayemwita mama mwenye nyumba "mama" kwa heshima zote. Kijana huyo anasikiliza wateja wake, maana ndio wanaomlipia hesabu. Akisema anakusanya fedha za kufunga spika mpya, mzazi ana haki ya kumwambia kwa upole: mwanangu, anza na wavu wa gurudumu na kofia ya mtoto. Wazazi watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuichangia kofia hiyo, ikabaki kwenye pikipiki, na kila mtoto akaivaa kwa zamu yake.