Deni la Ndizi, Ngerengere

Mara nyingi tumewasikia ndugu waliotembea ughaibuni wakiisifu mitaa ambamo mtu hujiendea taratibu, akachungulia maduka, akaketi mahali akanywa kahawa yake bila kuhitaji gari. Nasi huku Morogoro tunao mtaa wa namna hiyo, ingawa hakuna aliyewahi kuutia kwenye kadi ya posta. Ni ule unaoizunguka stesheni ya zamani ya Ngerengere.

Tulikuwa na sababu ya kwenda huko. Yapata miaka ishirini na zaidi iliyopita, tukiwa vijana watatu katika behewa la daraja la tatu, tulichagua chane mbili za ndizi kupitia dirishani. Mama aliyekuwa na ungo kichwani alitupatia ndizi kwanza, kwa kuwa mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi na muda ulikuwa mchache. Sisi tukawa tunabishana ni nani mwenye fedha ndogo, mara treni ikatikisika. Mama yule alikimbia hatua kadhaa sambamba na behewa, kisha akasimama. Noti ilipopatikana, yeye alikwisha kuwa nyuma, mdogo kama kidole. Ndizi tulizila zote kabla ya kufika Morogoro. Baada ya hapo tulipita Ngerengere mara nyingi, na kila mara tukasema: safari ijayo.

Mji ule ni mtoto wa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Treni iliposimama, mtaa mzima uliamka: mayai ya kuchemsha, mihogo, machungwa, maji ya kunywa, vyote vikainuliwa hadi usawa wa madirisha. Sasa mambo ni mengine. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa reli mpya. Ngerengere imepata stesheni ya kisasa, jambo la kushukuru kwa kweli, maana hata sisi tulifika kwa treni hiyo. Lakini ile ya haraka haisimami pale, na hata inayosimama, madirisha yake hayafunguki.

Tulitembea asubuhi. Kwenye kibaraza kimoja fundi cherehani alikuwa akikanyaga mashine yake huku akibishana na mtu aliye ndani ambaye hatukumwona. Jirani yake ni duka la vitu vya nyumbani, ndoo zimening'inia mlangoni kwa rangi zake zote. Halafu kinyozi, halafu mama lishe aliyekuwa akigeuza chapati. Hatua mia mbili, pengine mia tatu, na mtu amekwisha kupata kila anachohitaji kwa siku moja, isipokuwa kivuli cha kutosha.

Kijiwe cha kahawa kilikuwa chini ya mwembe. Birika juu ya mkaa, vikombe vidogo katika bakuli la maji, kashata kwenye sahani.

“Shikamooni wazee wetu.”

“Marahaba, karibuni. Mmekuja na ya umeme?”

Tulipoeleza shida yetu walicheka mpaka drafti ikaharibika. Mmoja akasema wenye madeni ya Ngerengere wangerudi wote siku moja, mji huu ungejengwa ghorofa. Hata hivyo alimwita kijana, akamwagiza atupeleke kwa bibi mmoja aliyeuza ndizi dirishani kwa miaka mingi.

Bibi alitusikiliza hadi mwisho. Hakutukumbuka, na angewezaje?

“Walioondoka na vyangu walikuwa wengi, wanangu. Wengine walirudisha. Wakipita tena, noti inafungwa kwenye kijiwe, inatupwa hapa.” Akatuonyesha kwa mkono jinsi ilivyotua.

Tulinyamaza. Kumbe njia ilikuwapo, rahisi hivyo, na miaka yote ile hatukuifikiria. Tulimpa bahasha tuliyoiandaa, akaikataa.

“Sijui kama ni mimi. Tulikuwa kina mama wengi, na wenzangu kadhaa wamekwisha kufariki. Nikiipokea, nitakuwa nimekula cha marehemu.”

Tukasihi, naye akatikisa kichwa. Mwishowe alituelekeza ng'ambo ya barabara, kwa binti wa mmoja wa wenzake hao, mwenye genge la matunda. Binti huyo alitueleza kwamba mama yake aliwasomesha kwa madirisha yale, na kwamba yeye sasa huwauzia madereva wa bodaboda na wapita njia. Wateja wapo, alisema, ila wanakuja mmoja mmoja. Zamani walikuja behewa zima. Kuhusu bahasha, alitaka kwanza kujua bibi amesemaje. Tulipomwambia, alifikiri kidogo, akatoa humo bei ya chane mbili za leo, akaturudishia zilizobaki.

Kisha akatuuliza kama tutanunua na za njiani. Tulichukua chane tatu, tukalipa akiwa bado anatafuta mfuko.