Kibanda cha Kuchomwa: Nairuzi, Ngoma na Swali la Matini

Wanafunzi wetu wanapofasiri mashairi ya Ulaya, jambo la kwanza linalowakwamisha ni majira. Neno "machipuko" limekwisha kubalika madarasani, nasi hulitumia bila kusita. Hata hivyo, mkazi wa Ganjoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, hana theluji ya kuyeyuka ili machipuko hayo yamwingie akilini. Alicho nacho ni mibuyu ya ufuoni, kando ya barabara ya Mama Ngina, ambayo hukaa mitupu wakati wa kiangazi na kuvaa majani mvua zinapokaribia. Mvua zenyewe, zile kubwa zinazofikia upeo wake mwezi wa Mei, watu wa Mombasa huziita mvua za mwaka. Neno moja, basi, limebeba mambo mawili: hesabu ya siku 365, na maji yanayorudisha majani mitini. Mhakiki anayetafuta machipuko katika fasihi ya Kiswahili hana budi kuanzia katika neno hilo.

Mwaka una siku yake ya kuufungua, nayo huitwa Siku ya Mwaka, au Nairuzi. Jina hili la pili ni la Kiajemi, na maana yake ni siku mpya. Nchini Iran siku hiyo huangukia tarehe 20 au 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana, na ndiyo inayofungua machipuko. Nairuzi ya pwani yetu ina tabia nyingine. Hesabu yake ni ya miongo, yaani makumi ya siku. Miongo 36 hukamilika, kisha huongezwa siku tano. Kwa kuwa hesabu hiyo haina mwaka mrefu, siku hii hurudi nyuma kwa siku moja takribani kila miaka minne, au siku zipatazo 25 katika karne, ikilinganishwa na kalenda ya ofisini. Siku hizi huadhimishwa mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, mvua za mwaka zikiwa zimekwisha pita. Kwa hiyo Waswahili walilichukua jina la machipuko bila kuyachukua machipuko yenyewe. Hoja inayonivutia hapa ni kwamba kinachoifanya siku kuwa mpya si jani wala ua. Ni watu wanaokubaliana kukutana na kuyamaliza yaliyopita.

Marehemu shangazi yangu, aliyenilea Ganjoni, aliishika siku hii kwa namna ndogo sana. Alizoa majivu yote jikoni, akateremka pwani kabla ya jua kuchomoza, akaoga kwa maji ya chumvi, kisha akarudi kuwasha moto mpya. Hakuwa na ngoma wala mkusanyiko. Majirani zake wengi walikuwa wamekwisha iacha desturi hiyo. Tangu miaka ya 1930 Mombasa imekuwa na sauti nzito zinazohimiza mila za aina hii zitupwe. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyelianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa msemaji hodari kuliko wote wa mkondo huo. Sikusudii kuamua mgogoro wa kidini ambao si wa taaluma yangu. Nataja tu kwamba shangazi, aliyeswali sala zake tano, hakuona ugomvi baina ya msala na bahari, na kwamba nilipotaka kuiona siku hii ikiwa kamili ilinibidi nivuke hadi Makunduchi, kusini mwa Unguja.

Huko siku yenyewe huitwa Mwaka Kogwa, yaani kuoga mwaka. Nimeihudhuria mara tatu, nami nitaeleza yale tu yanayohusu hoja yangu. Wanaume wa pande mbili za mji hukabiliana uwanjani wakipigana kwa vigogo vya migomba. Kigogo cha mgomba ni kizito lakini ni laini. Kinauma, lakini ni nadra kumlaza mtu hospitali, na yaliyokuwa moyoni mwaka mzima hutoka kwa mikono. Kisha huja kibanda. Kibanda hiki hujengwa kwa makuti, kidogo kiasi cha kuingia mtu mmoja au wawili. Mtu huingia, kikatiwa moto, naye akatoka mbio na kujificha vichakani huku moshi ukiangaliwa umeelekea wapi. Wanawake, waliovaa nguo zao bora, huzunguka wakiimba na kucheza. Nyimbo zao zina mapenzi, zina mafumbo, zina vijembe kwa waume, kwa mawifi na kwa wakubwa. Kila nyumba hutamani mgeni, kwa sababu kukosa mgeni siku hiyo si dalili njema. Mgeni kama mimi, basi, alikuwa na kazi katika sherehe: kula, kutazama na kuwa shahidi.

Hapo ndipo lilipozuka swali linaloniandikisha makala haya. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, binti mwenye bidii na sikio zuri, alipendekeza kuandika tasnifu juu ya nyimbo za wanawake wa Mwaka Kogwa. Jopo la chuo kimoja, ambacho sitakitaja, lilimuuliza: matini yako iko wapi? Alipojibu kuwa nyimbo nyingi hutungwa kwa ajili ya siku hiyo na haziimbwi tena, aliambiwa atafute mada yenye matini, na akapendekezewa tenzi.

Swali hili halikuanza kwetu. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, aliufungua uwanja huu kwa heshima kubwa, lakini alisita kukiri kuwa Afrika ina drama kwa maana iliyozoeleka Ulaya. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho, waliwafundisha wasomaji wa Kiswahili kuzitazama ngoma, mivigha na masimulizi kama sanaa zenye kanuni zake. Tungetarajia kwamba baada ya hapo hakuna jopo lingeuliza matini iko wapi. Lakini mazoea ya miswada yana mizizi mirefu, hasa kwetu sisi wa Mombasa, tunaojivunia ushairi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu.

Hata fahari hiyo inahitaji kuchunguzwa. Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa mji huu, alifariki mwaka 1840. Sehemu kubwa ya tulicho nacho kwa jina lake kilikusanywa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, pamoja na W. E. Taylor, kutoka vinywani mwa watu waliokuwa bado wakikumbuka. Hichens alikichapa mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akakirejea kwa kina mwaka 1979. Beti hizo zilitungwa kujibu mtu fulani, mbele ya watu fulani, katika vita na mabishano ya wakati fulani. Kabla hazijawa matini zilikuwa tukio. Anayemkubali Muyaka na kumkataa mwimbaji wa Makunduchi anatofautisha waliobahatika kukusanywa na wasiobahatika. Hiyo si tofauti ya sanaa.

Dawa iliyopendekezwa na wenzangu wengi ni nyepesi: tukusanye. Twende na vinasa sauti. Na siku hizi hata hatuhitaji, kwa maana kila kijana uwanjani ana simu, na wimbo hufika ng'ambo kabla majivu hayajapoa. Binti yule alikwenda na chombo chake. Wanawake walimkaribisha, wakamlisha, wakamfundisha hatua za ngoma. Siku ya pili alipowaomba waurudie wimbo mmoja mkali ili anase maneno vizuri, walikataa kwa upole. Mzee wao alimweleza kuwa aliyelengwa na kijembe kile alikuwa jirani, kwamba jana walikwisha malizana, na kuuimba leo ni kumtukana upya.

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, nami naliona kuwa ni nadharia ya fasihi iliyokamilika. Ukali wa wimbo ule uliruhusiwa kwa sababu ulikuwa na mwisho. Kibanda kinajengwa ili kiungue. Kigogo cha mgomba huokotwa ili kivunjike. Kijembe huimbwa ili kiishe. Kukihifadhi ni kukigeuza kuwa kitu kingine: kinachopaswa kufuta kinyongo kinakuwa hati ya kinyongo. Mikhail Bakhtin, katika utafiti wake juu ya Rabelais uliochapishwa mwaka 1965, alieleza jinsi kicheko cha kanivali kilivyowaachilia watu wa Ulaya ya zama za kati kutoka katika amri za wakubwa kwa muda maalumu. Maelezo hayo yanatufaa, lakini yana upungufu kwetu. Bakhtin alikisoma kicheko hicho kwa kuwa kiliingia kitabuni. Wanawake wa Makunduchi wanatutaka tukitambue kicheko kilichokataa kuingia.

Je, tasnifu iliwezekana? Naamini iliwezekana, na bado inawezekana. Mtafiti anaweza kueleza mpangilio wa siku, nafasi ya waimbaji mbele ya wapiganaji, namna kiitikio kinavyopokewa na kupokonywa, hatua inayobadilika fumbo linapofumbuliwa, na kimya kinachofuata. Anaweza kuandika kanuni za utunzi kama alivyofundishwa na wenyewe. Maneno yenyewe atayanukuu pale wenyewe wanaporidhia, na asiporidhiwa atayaacha, akieleza kuwa ameyaacha na kwa nini. Pengo hilo litakuwa sehemu ya ushahidi wake. Nakiri kwamba mtahini atapata taabu: atasoma uhakiki wa kitu asichoweza kukifungua rafuni. Lakini historia ya tamthilia, muziki na hotuba imejaa uhakiki wa namna hiyo, na hatujauita upuuzi.

Gharama ya kukataa ni kubwa kuliko taabu hiyo. Binti yule aliandika juu ya utenzi, akafaulu, na sasa anafundisha. Tumepata msomi mmoja zaidi wa tenzi, na hilo si jambo baya. Wanawake waliomfundisha hatua za ngoma wanazeeka, nao hawahitaji jopo lolote ili waendelee kuimba kila Julai. Wanaowahitaji ni sisi, tunaodai kuifundisha fasihi ya Kiswahili huku vipimo vyetu vikiiona ile tu iliyobaki. Fasihi iliyotimiza kazi yake ikaisha nayo inadai kipimo, na kipimo hicho hakitatoka kwa jopo linaloanza kwa kuuliza matini iko wapi. Swali la kwanza na liwe hili: wimbo huu ulimaliza nini, na kwa nani?