Mtambo Mdogo, Maswali Mawili

Kazi yangu ni kuandika programu za tarakilishi. Kabla ya kukabidhi programu huuliza mawili: ina kasi gani, na itadumu bila kuanguka? Maswali hayohayo nimeyakuta Chena, Alaska, penye mtambo mdogo wa jotoardhi ulioanza kazi mwaka 2006.

Maji ya kisima cha huko yana nyuzi 74 tu za Selsiasi, hayatoi mvuke wa kutosha. Basi joto lake huchemsha R-134a, ile ya kwenye friji, na mvuke huo ndio unaozungusha turbaini. Kwenye hesabu za mtambo, turbaini hutoa kilowati 250, pampu hula 40, zinabaki 210. Kipimo cha kweli ni hizo zinazobaki.

Swali la pili ni zito zaidi. Chena iko mbali na gridi. Mtambo ukizimika usiku wa baridi kali, kimbilio ni jenereta ya dizeli, nayo ni ghali. Kwa hivyo jaribio la saa moja halitoshi. Hesabu mtambo ulikuwa kazini saa ngapi kati ya 8,760 za mwaka, kiangazi na kipupwe.

Nanyi wasomaji, mkisikia mtambo ukisifiwa kwa megawati, ulizeni: zinabaki ngapi, na kwa saa ngapi?