Sequoyah na Silabi za Taifa Lake

Aghalabu historia ya maandishi husimuliwa kuwa kazi ya karne nyingi na mikono mingi. Miongoni mwa Wacherokee wa kusini-mashariki mwa Marekani, ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Sequoyah, mfua fedha asiyejua kusoma Kiingereza, aliwaona Wazungu wakipashana habari kwa karatasi, akakusudia kuipa lugha yake uwezo huo. Mwanzo alijaribu kulipa kila neno alama yake. Alama zikamzidi, akaziacha. Ndipo alipoisikiliza lugha yenyewe, akabaini kuwa maneno yake yamefumwa kwa silabi chache tu. Kufikia mwaka 1821 alikuwa na alama 86, takriban kila moja ikisimamia konsonanti na irabu yake. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa bintiye mdogo, Ayokeh.

Taifa liliidhinisha hati hiyo mwaka 1825. Tarehe 21 Februari 1828, mjini New Echota, likatoka gazeti la Cherokee Phoenix kwa Kicherokee na Kiingereza. Waliodai kwamba watu hawa hawana ustaarabu wakawa wamejibiwa kwa wino.

Hata hivyo, wino haukuilinda ardhi. Mwaka 1832 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Uamuzi huo ukapuuzwa. Mwaka 1835 askari wa Georgia waliunyakua mtambo wa gazeti. Kati ya 1838 na 1839 watu wapatao 16,000 walihamishwa kwa mabavu hadi Oklahoma ya leo. Yakadiriwa 4,000 kati yao walifia kambini na njiani. Walionusurika walifika na hati yao, na mwaka 1844 wakaanzisha gazeti jingine huko Tahlequah.

Leo alama za Sequoyah zimo katika kompyuta na simu, ilhali ndimi za kuzitamka zinapungua. Mwaka 2019 serikali tatu za Wacherokee zilitangaza hali ya hatari kuhusu lugha yao, wazungumzaji fasaha wakikadiriwa kuwa 2,000 hivi, wengi wao wazee. Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii humlaumu aliyeacha. Haisemi lolote juu ya watoto walioadhibiwa katika shule za bweni kwa kunena lugha ya mama zao.

Tangu mwaka 2001, huko Tahlequah, ipo shule ambamo watoto hufundishwa kwa Kicherokee. Hati imekwisha kupatikana. Kinachotafutwa sasa ni akina Ayokeh wengine.