Kufufua Obokano

Katika vinubi vyote vya Afrika ya Mashariki, obokano ya Wagusii aghalabu ndiyo iliyo kubwa kupita wenziwe. Nyatiti ya Wajaluo, jirani zetu wa upande wa ziwa, ina nyuzi 8 kama yake. Lakini ziweke pamoja, msomaji, nawe utaona ndama kando ya fahali. Wala usidhani kuwa umbo hili ni mchezo wa kijijini tu. Vinubi vilivyofukuliwa Ur, katika nchi ya Iraki, na Leonard Woolley katika miaka ya 1920 vina umri wa miaka 4,500 hivi, navyo vimeundwa vivyo hivyo: mzinga wa sauti chini, mikono miwili iliyosimama, na mti uliokingama juu.

Obokano ninayokusimulia ilikuwa ya baba yangu mkubwa, aliyeishi karibu na Keroka, mji ambao upande wake mmoja ni Kisii na wa pili ni Nyamira. Alipofariki ilikaa darini juu ya meko. Moshi uliukinga mti usiliwe na wadudu, lakini ngozi ilipasuka, na katika nyuzi 8 zikasalia 3. Akaja mfanya biashara aliyetaka kuinunua aitundike ukutani katika hoteli, akataja bei iliyotosha karo ya muhula mzima. Jamaa walibishana hata usiku. Waliotaka kuuza hawakuwa walafi, maana mtoto mmoja wa nyumba ile alikuwa amerudishwa kutoka shule kwa kukosa karo. Mwisho mjane wa marehemu akakata shauri.

“Uzeni mtamba wangu,” akasema. “Mtamba mwingine atazaliwa. Mikono iliyochonga hii haipo tena.”

Basi mtamba akauzwa, nasi tukaipeleka obokano kwa fundi mmoja mzee upande wa Nyamira. Kabla ya kuitazama aliigonga mti kwa kidole, akasikiliza. Ngozi mpya ya ng'ombe aliiloweka usiku kucha, akaivuta juu ya mzinga ingali mbichi, akaikaza kuzunguka ukingo, kisha akaiacha kivulini siku kadhaa. Jua, alitueleza, huikausha kwa pupa, nayo ikapasuka. Kwa habari ya nyuzi tulikuwa na shauri refu. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe (ajuaye maana ya kano katika Kiswahili atatabasamu alisikiapo jina la ala hii), nami nilitamani zirudi. Fundi alitaka nailoni ya wavuvi. Katika milima yetu mvua hunyesha karibu kila mwezi, na unyevu huilegeza mishipa mpaka sauti ikapotea. Nilikubali, ingawa moyo wangu haujaridhika hata leo.

Kila uzi aliuzungusha kwenye mti wa juu pamoja na kitambaa, apate kuukaza na kuulegeza. Hakuwa na filimbi ya kupimia sauti. Aliimba kwa kunong'ona, akavuta, akaimba tena. Uzi mnene ulipoguswa, ukanguruma kama kitu kinachotetemeka ndani ya pipa. Kijana mmoja, mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa adabu, “Mzee, kuna mkwaruzo. Huwezi kuuondoa?”

“Mwanangu,” fundi akajibu bila kuinua uso, “nikiuondoa nitakurudishia bakuli.”

Nami, msomaji, nasema alisema kweli. Masikio yaliyozoea gitaa na kinanda cha kanisani hutaka sauti iliyooshwa. Obokano hutaka ule mngurumo, maana mpigaji huimba juu yake, na sauti yake mwanadamu husimama vyema penye kishindo cha namna hiyo.

Mtoto yule aliyelipiwa karo kwa mtamba ndiye ajifunzaye sasa, siku za likizo. Amekwisha kujua nyuzi 5. Mikono yake ingali mifupi, na uzi wa mwisho haufikii ila kwa kulala ubavu juu ya mzinga.