Kiki, besi na vumi la Mzee

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata na sikuileta. Sababu ni harusi ya dada yangu, na leo nitaandika juu ya hiyo. Kama hupendi muziki ruka tu, hutakosa kitu.

Mambo yalianza hivi. Baba yangu alikuwa mpiga vumi. Kwa wasio wa pwani: vumi ni ile ngoma nene ya chakacha, inayosikika tumboni kabla haijafika masikioni, ikiandamana na chapuo na msondo, na nzumari juu yake. Siku za kazi alikuwa bandarini Kilindini, wikendi alikuwa kwenye harusi za watu. Miaka mitatu iliyopita alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia haujarudi sawa. Lakini mwaka 2011 niliazima kinasa sauti cha mkono nikamrekodi uani kwetu hapa Chaani, yeye na vumi lake peke yao, dakika kumi na moja, baada ya kuliotesha moto hadi ngozi ikakaza. Basi dada akaniambia: nitengenezee wimbo wa kuingilia, wa kisasa, lakini Baba awemo.

Mimi si prodyuza. Ni mtu wa kuandika programu aliyejifunza FruityLoops kwenye saiba, ile programu ya Wabelgiji iliyotoka 1997 na kubadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Nikafanya kama afanyavyo kila mtu: nikaweka kiki (ngoma ya mguu, si kiki za wasanii kutafuta umaarufu), nikaweka besi, nikaweka vumi juu yake, nikaongeza sauti. Kwenye hedifoni ilikuwa tamu ajabu. Nikampelekea Mzee sebuleni. Akasikiliza mpaka mwisho, kimya, halafu akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimekaa wapi humu?"

Sikuwa na jibu. Alikuwemo, nilimwona kwenye skrini, mawimbi yake yale pale. Lakini hakusikika.

Rafiki yangu mmoja anaendesha matatu ya Chaani kwenda mjini, gari lenye mawufa chini ya viti vya nyuma. Nikamwomba anipigie wimbo ule. Ulikuwa uji mtupu. Kiki, besi na vumi vimekorogwa pamoja, na kila mdundo kitu kinatetemeka kama kinapumua vibaya. Kondakta akaniangalia kwa huruma, akarudisha nyimbo zake.

Hapo ndipo nikaacha kujifanya msanii nikarudi kwenye kazi ninayoijua. Nikaandika kiprogramu kidogo cha Python cha kupima masafa ya kila sauti. Mara ya kwanza nilipima kwa vipande vya sampuli 2,048, na sauti zote tatu zikaangukia mhimili mmoja. Nikadhani nina hitilafu kwenye msimbo. Kumbe ni hesabu tu: sampuli 44,100 kwa sekunde, ukigawa kwa 2,048, kila mhimili una upana wa Hz 21.5. Kwa sauti za juu haidhuru, lakini huku chini Hz 21 ni mtaa mzima. Nikapima tena kwa sampuli 32,768, upana ukawa kama Hz 1.35, na ukweli ukajitokeza: besi Hz 55, kiki Hz 58, vumi Hz 62. Mafahali watatu zizi moja. Na ule mtetemo wa kwenye matatu ndio huo: sauti mbili zinazotofautiana Hz 3 hupanda na kushuka pamoja mara tatu kila sekunde. Hukuuweka wewe, umejizalia wenyewe.

Waandishi wa programu mtaielewa hali hii. Ni michakato mitatu inayoandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja. Na mimi dawa yangu ilikuwa kumwongezea sauti kila mmoja kwa zamu! Sauti mbili zilizo sawa zikikutana kilele kwa kilele, jumla hupanda desibeli 6, na ukipita sifuri kwenye sauti ya kidijitali hakuna ghorofa nyingine, mawimbi yanakatwa kichwa.

Lakini kwa nini sikusikia haya chumbani kwangu? Swali hili lilininyima usingizi kuliko yote. Nikachukua futi nikapima chumba: mita 3.2 kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa joto letu la Mombasa sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata Hz 54.5. Yaani chumba changu chenyewe kina noti yake, na ni noti ile ile ya besi yangu! Sauti hiyo hujazana kwenye kuta na kukaribia kupotea katikati. Kiti changu kiko wapi? Katikati. Kwa hiyo nilipotumia spika nilikuwa siisikii besi, naiongeza, naiongeza tena, na nikienda kuchukua chai mlangoni nashangaa nyumba inaunguruma. Nikisema ni malori ya makontena. (Malori nayo yana lawama yake, kazi ya besi huku kwetu ni ya baada ya saa sita usiku.)

Nikajaribu ile mbinu ya kawaida, kompresa inayoisikiliza kiki: kila kiki ikipiga, besi inainama, halafu inainuka baada ya milisekunde 150 hivi. Ni kufuli, tu. Kwa besi ilifanya kazi vizuri sana na naipendekeza kwa kila anayeanza. Nikasema haya, na vumi nalo liinamishwe. Likafa. Kwa sababu Mzee hapigi pigo moja, kati ya mapigo makubwa kuna mapigo madogo ya vidole, na hayo ndiyo yanayowafanya watu wasogeze viuno. Kufuli likayameza.

Ilinichukua wiki kukubali kwamba mgeni kwenye wimbo ule ni kiki, wala si vumi. Nikatafuta kiki nyingine, fupi, nguvu yake iko Hz 95, nikaikata kila kitu chini ya Hz 80. Hata wale vijana wa singeli wa Dar es Salaam wamelazimika hivyo: ukienda mapigo 240 kwa dakika, kila pigo lina milisekunde 250 tu, kiki ndefu haina pa kulala. Besi nikaipandisha oktavu moja, Hz 110, ishuke 55 mwisho wa mstari tu, pale Mzee anapopumzika. Huku chini nikamwachia yeye peke yake. Kwa ajili ya watakaosikiliza kwa simu, ambazo vispika vyake havifiki huko chini, nikalikwaruza vumi kidogo lizae sauti za Hz 124 na 186. Sikio likisikia watoto hao humkisia mzazi wenyewe.

Kosa moja nusura niliache. Nilikuwa nimeitanua besi kushoto na kulia ili iwe pana, na mafundi wa mahema mara nyingi huunganisha spika zote kwenye mkondo mmoja. Nilipojaribu hivyo nyumbani, besi ikatoweka kabisa, kushoto inafuta kulia. Chini ya Hz 150 sasa kila kitu changu kiko katikati.

Siku ya harusi Mzee tulimweka kiti cha mbele, upande wa spika. Dada akaingia, vumi likapiga, na nikaona kidole cha mkono wa kushoto kikigonga kwenye mkono wa kiti. Alikuwa akipiga na nafsi yake ya mwaka 2011. Mama alijifunika leso usoni.

Baadaye nikamwendea. "Baba, leo umejisikia?"

"Nimejisikia. Lakini huyo mwenzangu anawahi."

Nikacheka, halafu usiku nikafungua faili. Kweli. Kiki iko juu ya mstari kama kompyuta inavyotaka, na yeye kila pigo kubwa amechelewa, wastani wa milisekunde 14. Mwanzoni nilitaka kumnyoosha yeye. Sasa nimesogeza kiki, besi na makofi yote nyuma yamfuate. Amelala, nitamwekea asubuhi baada ya chai.