Alternata Kubwa, Betri Tupu

Leo naweka programu kando kidogo niandike kuhusu waya mmoja mwembamba.

Mjomba wangu ana matatu inayofanya kazi kati ya Kericho na Bomet kupitia Litein. Ina spika, amplifaya na skrini, maana bila muziki vijana hawapandi. Betri zilikuwa zikimfia moja baada ya nyingine. Kilichoniogopesha mimi ni usiku: ukungu umeshuka kwenye mashamba ya chai, na taa zinafifia kila besi inapogonga. Fundi akamwuzia alternata ya ampea 150. Betri ikafa tena. Fundi akasema basi tununue ya 200.

"Mpwa, wewe si ni mtu wa kompyuta? Hebu angalia."

Sasa hapa ndipo pana utamu. Ndani ya alternata kuna kidhibiti cha volti, na kazi yake ni moja tu: kupima volti, kisha kuwasha na kuzima mkondo unaoingia kwenye rota, mara nyingi kila sekunde. Volti ikishuka chini ya 14 na kitu, rota inaongezewa mkondo, ikipanda, inapunguziwa. Ni kitanzi kama vile tunavyoandika kila siku, na kitanzi huamini kipimo kinacholetewa.

Nikatoa mita. Injini ikizunguka vizuri na muziki ukiwa juu, kwenye alternata nilipata volti 14.2. Kwenye betri, 13.4! Kidhibiti kilikuwa kimeridhika kabisa. Waya wa kipimo, ule wa tundu lenye herufi S, ulikuwa umefungwa pale pale mgongoni mwa alternata badala ya kufika kwenye betri. Waya mkuu nao ulikuwa ule ule wa zamani. Ampea 80 zikipita kwenye upinzani wa omu 0.01, volti 0.8 zinaishia njiani. Hiyo ya 200 ingetumia njia hiyo hiyo.

Tuliweka waya mkuu mnene, pamoja na ule wa kwenda bodi, tukapeleka S hadi chanya ya betri kupitia fyuzi ndogo. Betri ikasoma 14.1 na taa zikatulia.

Limebaki suala la stejini. Injini ikinguruma polepole, alternata hutoa sehemu tu ya ampea zilizoandikwa juu yake, hata rota ikipewa mkondo wote. Makanga anataka muziki kamili akiita abiria. Mjomba anataka uzimwe. Mpaka leo wanabishana.